Asante daktari, mbwa wetu amepona

WASOMAJI wa ukurasa huu wamezoea shukrani za kila namna. Mama humshukuru mkunga, mzazi humshukuru mwalimu, na mgonjwa aliyetoka wodini humshukuru daktari na wauguzi wote wa zamu. Lakini ukitembea pwani ya kusini, kuanzia Tiwi na Diani hadi Msambweni na Lunga Lunga, utaisikia shukrani nyingine inayosemwa kwa sauti ya chini, tena baada ya msemaji kutazama kushoto na kulia. Ni shukrani kwa daktari wa wanyama aliyemtibu mbwa saratani, na mbwa akapona.

Naam, mpenzi msomaji, umesoma sawasawa. Mbwa, saratani, na kupona.

Sauti huwa ya chini kwa sababu mbili. Kwanza, huku pwani mbwa si kiumbe cha kujivunia mbele ya wageni. Pili, saratani yenyewe aghalabu huwa imekaa mahali ambapo mtu mwenye haya hapataji mbele ya wakwe. Wiki hii tuyazungumze yote mawili waziwazi, kwa kuwa haya hiyo imewamaliza mbwa ambao dawa ingaliwaponya.

Tuanze na mbwa mwenyewe. Neno hilo likimtoka mtu kwa hasira, ujue ugomvi umeiva. Wengi wa wenyeji wa Kwale wamelelewa katika madhehebu ya Shafi, ambayo huhesabu mate ya mbwa kuwa najisi, na chombo alichokilamba huoshwa mara saba, mojawapo kwa mchanga. Kwa hiyo mbwa halali ndani, hapandi kitini, na hapapaswi kichwa kama tunavyoona katika sinema. Hata hivyo dini hiyo hiyo imemruhusu mbwa wa kuwinda, wa kuchunga mifugo na wa kulinda shamba. Tena kila aliyepita madrasa amesimuliwa habari za mtu aliyeshuka kisimani, akajaza maji kwenye kiatu chake na kumnywesha mbwa aliyekuwa akiramba udongo kwa kiu, naye akasamehewa madhambi yake.

Na mkulima wa Kwale analijua jambo ambalo sisi wa mjini hatulijui: shamba lisilo na mbwa huvunwa na wengine. Mchana nyani hushuka kwa kundi, na tumbili huja nyuma yao kuokota masazo. Usiku nguruwe mwitu hulima mihogo kwa pua. Mtoto akiachwa kulinda, anakosa shule. Mbwa akilinda, mtoto anasoma. Hesabu hiyo haihitaji chuo kikuu.

Nilikutana na familia moja ndani kidogo ya Msambweni, mbali na barabara kuu. Sitawataja, maana ndivyo walivyoomba. Wana mikorosho, mihogo na robo tatu ya ekari ya mahindi, na mlinzi wa mali hiyo yote ni mbwa wa kienyeji, rangi ya mchanga, aitwaye Askari ingawa ni jike. Siku moja waliona matone ya damu pale anapolala. Hawakushtuka. Kila aliyefuga mbwa jike anajua kwamba hufika kipindi cha joto, akatoka damu kidogo na madume ya kijiji kizima yakajazana uani. Kipindi hicho huchukua kama majuma matatu, kisha hupita na kurudi baada ya miezi sita hivi.

Hiki hakikupita. Mwezi wa kwanza ukaisha, wa pili ukaingia, na matone yakawa mengi. Askari akawa anajiramba mchana kutwa badala ya kufukuza nyani. Watoto wa jirani wakaanza kumcheka na kumpa majina. Mzee mmoja wa mtaa, kwa nia njema kabisa, akashauri apewe dawa ya panya ndani ya ugali, mambo yaishe.

Aliyeokoa jahazi ni binti wa nyumba hiyo, mwanafunzi wa sekondari. Siku moja mbwa alipoinua mkia aliona kinyama chekundu, kimevimba na kugawanyika vipande vipande kama koliflawa. Binti hawezi kumwendea baba yake na habari ya namna hiyo. Alimwambia mama, mama akangoja baba amalize chakula cha usiku, akamwambia. Baba alinyamaza kwa muda mrefu. Kesho yake akampigia simu daktari wa wanyama.

Daktari alikuja kwa bodaboda kutoka Ukunda, kijana mwenye kikasha cha barafu mapajani. Alimwamkia mzee shikamoo, akaulizia hali za watu wote wa nyumbani kabla ya kumuuliza habari za mbwa, na jambo hilo dogo mzee hajalisahau hadi leo. Alivaa glavu, akamtazama Askari, akakigusisha kile kinyama kwenye kipande cha kioo na kuondoka nacho ili akakitazame kwa hadubini. Aliporudi alikuwa na jibu. Ni saratani. Mzee akauliza mbwa amebakiza siku ngapi. Daktari akamjibu kwamba saratani za mbwa hazifanani, na hii ni ile ambayo akiianzia dawa mapema ana matumaini makubwa ya kuiona ikiisha.

Hapa inatupasa tusimame kidogo, kwa kuwa ugonjwa huu ni miongoni mwa maajabu ya dunia ya tiba.

Saratani tunayoifahamu sisi haiambukizi. Mgonjwa wa saratani ya titi hawezi kumwambukiza anayemuuguza, na anayekwepa kula naye sahani moja anamwonea bure. Seli za mwili wake mwenyewe ndizo zilizoasi na kuanza kuzaana ovyo. Lakini saratani hii ya sehemu za siri za mbwa huhama kutoka mbwa mmoja hadi mwingine. Tena kinachohama si kirusi wala bakteria. Zinazohama ni seli zenyewe za saratani. Mbwa wanapopandana, wakati mwingine wanaporambana au kunusana, seli hizo hubanduka kwa mgonjwa, zikashika kwa mzima na kuota hapo kama mche uliopandikizwa. Ndiyo maana mara nyingine uvimbe huonekana puani au mdomoni.

Mwaka 1876, huko St. Petersburg nchini Urusi, daktari wa wanyama aliyeitwa Mstislav Novinsky aliuchukua uvimbe wa namna hii na kuupandikiza kutoka mbwa mmoja hadi mwingine, nao ukaota. Hilo lilikuwa jambo jipya kabisa katika elimu ya saratani. Baadaye wataalamu walihesabu kromosomu, zile nyuzi zinazobeba urithi ndani ya seli. Mbwa wa kawaida ana 78. Seli za uvimbe huu zina kati ya 57 na 64, awe mbwa ni wa Msambweni, wa Brazil au wa India. Yaani seli hizo si za mbwa anayeugua. Ni za mbwa mwingine.

Mbwa yupi basi? Utafiti ulioongozwa na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Cambridge na kuchapishwa mwaka 2019, baada ya kuchunguza uvimbe wa mbwa 546 kutoka nchi 43, ulionyesha kwamba zote zimetokana na mbwa mmoja tu aliyeishi kati ya miaka 4,000 na 8,500 iliyopita, yaelekea barani Asia. Yule mbwa alikufa zamani, lakini seli za saratani yake hazijafa. Zimekuwa zikirukia mbwa hata mbwa, na katika miaka 500 iliyopita zikapanda meli pamoja na mabaharia na kuenea dunia nzima. Watu wa pwani, ambao babu zao walipokea majahazi kila msimu wa kaskazi, hawatashangaa sana kusikia kwamba ugonjwa nao husafiri baharini.

Nasisitiza, maana najua swali limekwishamfikia mama aliye na watoto wadogo: ugonjwa huu haumpati binadamu. Mtoto aliyemgusa mbwa mgonjwa hapati saratani. Ataoshwa mikono kama kawaida, basi.

Waswahili husema mbwa hafi maji akiona ufuko. Kwa bahati njema ufuko wa ugonjwa huu unaonekana. Dawa yake huitwa vinkristini. Hutolewa kwa sindano ya mshipani, mara moja kwa juma, na mbwa wengi huhitaji sindano kati ya nne na sita. Zaidi ya tisa kati ya kila kumi huponea hapo. Madaktari wa saratani za binadamu wangefurahi sana kuwa na hesabu kama hiyo kwa kila mgonjwa.

Na dawa hiyo inatoka wapi? Ukitoka nje ya mlango wako pengine utaiona. Kuna ua dogo lenye petali tano, la rangi ya waridi au jeupe lenye jicho jekundu katikati, linaloota hata kwenye mchanga mkavu wa pwani, kando ya makaburi, mbele ya nyumba za Makuti na kwenye bustani za hoteli za Diani. Asili yake ni kisiwa cha Madagaska. Katika nchi mbalimbali watu walikuwa wakichemsha majani yake wakiamini yanatibu kisukari. Katika miaka ya 1950 majani kutoka Jamaica yaliwafikia watafiti wawili nchini Canada, Robert Noble na Charles Beer. Wakaona kwamba hayashushi sukari, bali hupunguza chembechembe nyeupe za damu. Mtu mwingine angeyatupa. Wao wakawaza kwamba kinachopunguza chembechembe nyeupe huenda kikafaa kwa saratani ya damu, na mwaka 1958 wakatangaza dawa ya kwanza iliyotokana na mmea huo. Wataalamu wa kampuni ya Eli Lilly ya Marekani nao walikuwa wakiuchunguza mmea uo huo, na kutoka kwao ikapatikana vinkristini, iliyoidhinishwa nchini Marekani mwaka 1963.

Kazi ya dawa hii ni kuizuia seli isigawanyike. Seli ya saratani haina subira, hugawanyika bila kupumzika, na kwa hiyo ndiyo inayonaswa kwanza. Lakini zipo seli njema zinazogawanyika haraka pia, kama za utumbo na zile zinazotengeneza chembechembe nyeupe, nazo huguswa. Ndiyo sababu mbwa huweza kutapika, kukataa chakula au kuwa mnyonge siku chache baada ya sindano.

Tafadhali, usiende uani kuchuma majani hayo na kumchemshia mbwa, wala mtu. Mmea huo una sumu, na majani makavu ya nusu tani na zaidi hutoa gramu moja tu ya dawa. Hakuna sufuria ya nyumbani inayoweza kuifanya kazi hiyo.

Turudi Msambweni. Baada ya sindano ya kwanza matone yalipungua. Juma la pili kile kinyama kilikuwa kimenywea nusu. Lakini siku mbili baada ya sindano hiyo ya pili Askari alitapika na kuukataa ugali na dagaa wake, na nyumba nzima ikaingia wasiwasi. Juma la tatu daktari alipima damu, akaona chembechembe nyeupe zimeshuka mno, akakataa kumdunga hadi juma lililofuata. Mzee alidhani daktari anakata tamaa. Kumbe huko ndiko kutibu.

Aliyemshika mbwa siku zote tano za sindano alikuwa baba huyo huyo, ambaye kwa miaka sita hakuwahi kumgusa kwa mkono mtupu. Mbwa hapaswi kutikisika hata kidogo, kwa kuwa dawa hii ikivuja nje ya mshipa huichoma na kuiozesha nyama ya mguu. Alimshika kwa kitambaa, akimsemesha polepole kwa Kidigo, kisha akaenda kisimani akajitoharisha na kuswali adhuhuri. Mama alinieleza hayo akicheka. Mzee mwenyewe alikuwa ameketi hapo hapo, akajifanya hasikii.

Siku ya mwisho walitaka kushukuru. Daktari alikwishalipwa gharama ya dawa na mafuta ya pikipiki, kwa mafungu manne. Walimpa madafu, akanywa. Walimpa mfuko wa korosho, akapokea. Walimpa jogoo, akakataa, akisema amefanya kazi yake tu. Mama akamfunga jogoo miguu na kumkabidhi mwenye bodaboda kimyakimya, na nasikia daktari alimgundua alipofika Ukunda.

Najua kuna msomaji ambaye tangu mwanzo ananitazama kwa jicho la pembeni. Atasema: wewe mwandishi, watu wenyewe hawana dawa, nawe unatuletea habari za mbwa kudungwa sindano za saratani? Ni swali la haki, na sitalipita mbio.

Ni kweli kwamba vinkristini hii hii ndiyo inayotumika kutibu saratani ya damu ya watoto, na pia ule uvimbe wa taya unaowapata watoto wa Afrika Mashariki, ambao daktari Denis Burkitt wa Mulago, Kampala, aliueleza mwaka 1958. Ni kweli pia kwamba mgonjwa wa saratani anayeishi Msambweni huamka usiku, akavuka Likoni na kufuata tiba Hospitali Kuu ya Pwani mjini Mombasa, na akirudi jioni akiwa na kichefuchefu hana pa kulaza kichwa ila kiti cha matatu. Jambo hilo linastahili hasira yetu sote. Lakini kumpa Askari sumu ya panya hakuipunguzi safari hiyo hata kwa hatua moja. Mbwa wa kadiri yake hutumia chini ya nusu ya chupa moja ya miligramu moja kila juma, na fedha iliyolipwa ilitoka kwenye mahindi ambayo yeye mwenyewe aliyalinda. Mimi simpandishi mbwa juu ya mtu. Ninachosema ni kwamba mwenye shamba alitengeneza mlinzi wake, kama anavyotengeneza jembe lililovunjika mpini, na katika kufanya hivyo akagundua kwamba anampenda. Sioni pa kumlaumu.

Huko Diani mambo yana sura nyingine. Kuna wazee wa Kizungu waliostaafu wakajenga karibu na bahari, wenye mbwa wakubwa wa manyoya wanaohema mchana kutwa kwa joto letu. Kuna mabawabu na wapishi wa hoteli wanaowalisha mbwa wa ufukweni makombo, kisha siku moja wakajikuta wana mbwa. Bawabu mmoja wa usiku alichanga na wenzake watatu kumtibia dume la ufukweni ambalo halina mwenyewe. Nilipomuuliza sababu, alinishangaa. Alisema usiku wa saa nane, bahari imejaa na taa zimezimika, ndipo mtu hujua rafiki yake ni nani.

Wenye mbwa wa kigeni wanafaa kujua jambo moja. Mbwa wa uzao wa Collie na jamaa zake wengi wana kasoro ya urithi inayowafanya washindwe kuihimili vinkristini kwa kipimo cha kawaida. Mwenye mbwa wa namna hiyo, au chotara wake, amweleze daktari kabla ya sindano ya kwanza.

Wala si kila saratani ya mbwa hutibika kama hii ya Askari. Uvimbe wa matiti ni wa kawaida kwa majike ambao hawakufungwa uzazi, na karibu nusu yake huwa ni saratani. Ile ya mifupa, inayopenda mbwa wakubwa, mara nyingi huwa imekwishapenya mapafuni kabla mguu haujaanza kuvimba. Ulaya na Marekani ziko hospitali za wanyama zenye mashine za mionzi, na hata huko mbwa wa saratani ya mfupa huongezewa miezi tu.

Mama mmoja wa makamo wa Diani alikuwa na mbwa wa namna hiyo, mwenye umri wa miaka tisa, aliyeanza kuchechemea mguu wa mbele. Alikuwa tayari kuuza gari. Daktari alimwonyesha picha ya mapafu, akamweleza bila kuzungusha maneno kwamba kuukata mguu kutampunguzia maumivu lakini hakutamponya, na kwamba hakuna aibu katika kuchagua kumtuliza. Akampa dawa ya maumivu ya mbwa. Hapa niweke onyo: panadol na dawa nyingine za maumivu za binadamu humdhuru mbwa, hata kumuua. Waliishi hivyo majuma saba. Asubuhi moja mbwa alishindwa kusimama, na daktari akaja nyumbani mwenyewe, akamlaza kwa sindano chini ya mwarobaini alipozoea kulala. Mama huyo humshukuru daktari kuliko wengi ambao mbwa wao walipona. Anasema hakudanganywa, na hakuuziwa matumaini.

Madaktari wa wanyama niliowasikia wakizungumza wanasema kwamba shukrani hizi zina mtego wake. Damu ikikatika baada ya sindano ya pili, mwenye mbwa hushukuru sana, hutuma salamu nyingi, na harudi tena. Seli chache zilizobaki huota upya, na mbwa akifunguliwa jioni huenda akazigawa mtaa mzima. Dawa hukoma pale daktari atakapotazama na kusema hakuna tena kinachoonekana, wala si pale mwenye mbwa atakapoona inatosha.

Kuna mambo mengine ambayo daktari mwenye haraka huenda akasahau kuyasema. Dawa hii hutoka kwa mkojo, mavi na matapishi kwa siku kadhaa baada ya kila sindano. Anayesafisha avae glavu au mifuko ya plastiki mikononi, amwage maji mengi, na mama mja mzito asishike kazi hiyo kabisa. Dawa huwekwa kwenye friji, kwa hiyo uliza kama stima ilipotea usiku, hasa msimu wa mvua, na daktari mzuri hatachukia kuulizwa. Uliza pia gharama ya sindano zote kabla ya ile ya kwanza. Ikiwa jirani yako naye ana mbwa mgonjwa, mwambie daktari mapema, kwani mbwa wawili wakidungwa siku moja huweza kugawana chupa. Na hakikisha anayekuja amesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya. Wako matapeli wanaokikata kinyama kwa wembe kwa mia chache. Damu humwagika, uvimbe hurudi, na mara nyingine mbwa harudi.

Mbwa akiwa amelala hapo kwa ajili ya matibabu, achanjwe pia kichaa cha mbwa kama mwaka umepita. Huo ugonjwa, tofauti na saratani hii, unampata binadamu, na dalili zikishaonekana hauna tiba.

Wanafunzi hupenda kuuliza kazi hii husomewa wapi. Shahada ya udaktari wa wanyama ya Chuo Kikuu cha Nairobi hufundishwa Upper Kabete kwa miaka mitano, na biolojia na kemia ndizo funguo za mlango. Asiyefikisha alama hizo anaweza kusomea afya ya mifugo katika vyuo vya AHITI vya Kabete, Ndomba na Nyahururu. Binti wa Msambweni amekwishaziandika anwani hizo kwenye jalada la daftari lake, ingawa baba angependelea awe mwalimu.

Askari alifungwa uzazi miezi miwili baada ya sindano ya mwisho, na nyani wamerudishwa msituni. Ila lipo dume moja la jirani, ambalo huenda ndilo lililomwambukiza. Linadondosha damu mpaka leo na linazurura hadi sokoni. Mwenyewe ni mzee wa heshima, na kila mazungumzo yakikaribia hapo huaga na kuondoka. Wanaume wameshindwa. Sasa mama amelichukua jambo hilo mikononi mwake, na wiki hii anapanga kwenda kumwona mke wa mzee huyo, akiwa na kibakuli cha korosho na namba ya simu ya daktari.